Barua ya wazi kwa vijana mnaojifunza gari: shingo mnamtunzia nani?

Wanangu,

Hamjambo? Mimi mzee wenu sijambo, ila nimeudhika, na nimeona niandike kabla hasira haijapoa.

Juma lililopita nilikuwa kwenye kahawa, kando ya Barabara ya Kilwa, kule Mbagala. Gari la mafunzo lilikuwa limeegeshwa pembeni, kibao cha L kimefungwa nyuma. Binti aliyekuwa kwenye usukani akawasha indiketa, akakitupia kioo cha kulia jicho la haraka, akaachia klachi. Bodaboda alikuwa ameshafika usawa wa mlango wa nyuma, amempakia mama mwenye ndoo ya nyanya. Akakwepa, pikipiki ikayumba, mama akaenda chini na nyanya zake. Tunamshukuru Mungu, goti tu lilichubuka. Mwalimu muda wote huo alikuwa anachati. Aliposhuka, badala ya kumpa mama pole, akasema: "Hawa boda bwana, wanatokea tu."

Wanatokea tu! Wanatokea wapi, chini ya lami? Yule kijana alikuwepo barabarani tangu kule kituoni. Hakutazamwa.

Sasa nisikilizeni. Vioo vya gari havionyeshi kila kitu. Kaa kwenye gari lililosimama, mwambie mwenzako atembee taratibu kutoka nyuma aje mbele, upande wako wa kulia. Utamwona kwenye kioo, halafu atapotea kabisa, halafu ataibuka ubavuni kwako. Hapo alipopotea bodaboda mzima anaenea, na abiria wake, na ndoo yake. Isitoshe, vioo vingi vya pembeni vimebinuka kidogo ili vione eneo pana, kwa hiyo kilicho karibu kinaonekana kiko mbali. Dawa yake ni shingo. Kidevu kielekee begani, macho yaone, yarudi mbele. Usigeuze kiwiliwili kizima, utauvuta na usukani.

Kwa hiyo, ukitaka kuondoka pembeni: kioo cha ndani, kioo cha kulia, indiketa, bega la kulia, ndipo gari liondoke. Bega liwe la mwisho, maana tangu uangalie kioo mpaka uachie klachi, mtu ameshafika. Na indiketa inaomba njia tu. Kama umepewa, hilo utalijua kwa macho.

Walimu wengi, kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, wanakazania bega la kulia basi. La kushoto nani alifundishe? Kwenye foleni, boda na bajaji wanapita kushoto kwako, kwenye vumbi, na wengine hata juu ya njia ya waenda kwa miguu. Wanakosea, ndiyo. Lakini ukikata kona kuingia mtaani kwenu bila kuangalia kioo cha kushoto na bega la kushoto, kosa lake na lako yatakutana kwenye mguu wake.

Mengine nayataja tu. Kabla ya kurudi nyuma, shuka uzunguke gari. Mtoto aliyechuchumaa nyuma ya bampa hakuna kioo kitakachokuonyesha. Ukisimama kwenye zebra, angalia aliye nyuma yako na anayetaka kukuovateki. Ukivuka njia ya mabasi ya mwendokasi, tazama pande zote mbili hata kama taa yako ni ya kijani. Na usikodolee boneti, tupa macho mbali: kwa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde.

Najua mnaogopa. Gari likizima, daladala nyuma anapiga honi utadhani amebeba mgonjwa, mkono unatetemeka kwenye gia, na akili yote inahamia miguuni. Kila dereva alipita hapo. Mwacheni apige honi mpaka achoke. Washa gari upya, na ukaguzi uanze upya kuanzia kioo cha ndani, hata kama uliufanya sasa hivi.

Ila sisi wakubwa ndio tuliowaharibu. Mjini vioo vya pembeni vinaibwa mpaka watu wanavichonga namba ya gari, na mwenye gari akiibiwa kimoja anaendesha hivyo hivyo hadi mwisho wa mwezi. Tunabandika tinti nyeusi tii, tunaning'iniza midoli kwenye kioo cha ndani, halafu tunawalaumu boda. Na nyinyi wazazi mnaotafuta "mtu wa ndani" ili mtoto apate leseni bila kukaa darasani wala kujaribiwa barabarani, mnamnunulia mwanenu nini hasa? Hata mtihani wenyewe, vijana wanafundishwa kuchezesha kichwa ili askari aone wameangalia. Ukiwauliza wameona nini, kimya.

Kesho mkiegesha, kabla ya kushuka, fungueni mlango kwa mkono wa kushoto, ule ulio mbali nao. Mwili utageuka wenyewe na macho yataangukia nyuma, kwa anayekuja. Na wewe mwalimu, ile simu itie kwenye droo ya dashibodi mpaka mwanafunzi azime gari.

Mzee wenu,
Mbagala