Corolla yangu inakunywa maji na sioni yanakoenda, nianzie wapi?

Habari za majukumu kaka fundi, na nyie wasomaji wengine mnaojua magari naomba msinipite. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari huku Lushoto, nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, na shida yake ni moja, inakunywa maji na sioni yanakoenda. Chini haidondoshi. Nimeshaipeleka kwa mafundi watatu nikarudi na majibu matatu tofauti, na Jumamosi hii kuna mtu anakuja kuiangalia anataka kununua, ndo maana naandika leo.

Niwaeleze kwanza hii gari ni ya nani. Tulinunua mimi na mdogo wangu wa kike mwaka juzi, milioni 4, nusu yangu nusu yake, na hela yake aliitoa kwenye kikoba chao. Tulinunua kwa ajili ya mama. Mama anakaa Mombo kule chini, magoti yanamsumbua, kupanda gari za abiria za kusukumana hawezi tena, kwa hiyo kila baada ya wiki 2 nashuka kumchukua nampandisha huku kwangu akae siku mbili tatu, na siku za kliniki nampeleka. Ule mlima wa Mombo kuja Lushoto anayeujua anaujua, kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, huku bonde huku mwamba, na gari inapanda na gia ya pili sehemu kubwa. Kwenye tambarare gari yangu haina neno kabisa. Shida inakuja mlimani.

Mwezi wa nne nilikuwa napandisha, mama yuko nyuma, na kwenye buti kuna mchele wa Mombo kama kilo 80. Kabla hatujafika Soni nikaanza kusikia harufu tamutamu kama ya sharubati inaungua. Mshale wa temperecha ukapanda ukapita nusu, nikapunguza mwendo, nikawasha hita nitoe joto, af ghafla mshale ukashuka mpaka chini kabisa. Nikashukuru Mungu nikaendelea. Kumbe pale ndo maji yalikuwa yameisha, ile sensa inasoma maji na maji hayapo, inasoma mvuke mvuke tu, ndo maana mshale unalala. Nilishtuka nilipoona hita inatoa hewa ya baridi na injini imeanza kugonga na haivuti, nikaegesha. Kijana mmoja akaleta maji ya kijito kwenye kidumu, tukasubiri kama dakika 10 tu tukamimina. Hili la kumimina maji baridi kwenye injini ya moto linaniuma mpaka leo kwa sababu ninafundisha watoto mambo ya chuma kutanuka na kusinyaa, hedi ya hii injini (kile kifuniko kikubwa cha juu) ni ya alumini na bloku ya chini yake ni ya chuma, na nilijua, ila mama alikuwa anatetemeka na giza linaingia.

Tangu siku ile ndo inakunywa. Nimepima kwa chupa ya lita 1, asubuhi injini ikiwa imepoa nafungua rejeta najaza mpaka shingoni naandika kwenye daftari. Nikizunguka hapahapa mjini inapungua kama robo lita kwa siku 3. Nikishuka Mombo na kupanda inakunywa nusu lita na zaidi kwa safari moja.

Fundi wa kwanza alipofungua akakuta thamostati haipo, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Aliyetuuzia aliitoa, gari ilikuwa Dar, na feni alikuwa ameiunga daireki inazunguka muda wote ukishawasha gari. Na maji yaliyotoka mle yalikuwa rangi ya chai ya rangi, kutu tupu, nadhani walikuwa wanaweka maji ya kisima yale ya chumvi. Nikasafisha mara 3 mpaka yakatoka meupe, nikaweka thamostati mpya ya nyuzi 82, feni nikairudisha kwenye swichi yake, nikaweka kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, nusu kwa nusu na maji safi. Huyu fundi alinikatalia thamostati, anasema nchi zetu ni za joto haihitajiki. Mimi naona huku Lushoto asubuhi ya mwezi wa saba unavaa koti na kofia, na hata kama ingekuwa Dar, injini imetengenezwa ifanye kazi kwenye joto fulani, ikiwa baridi muda wote inakula mafuta na oili haikauki unyevu. Thamostati sitoi. Lakini ni kweli kwamba baada ya kuiweka ndo nimeona maji yanapungua zaidi, naye amekazania kwamba hiyo ndo sababu. Mimi nahisi ni kwa vile sasa presha inapanda inavyotakiwa, kwa hiyo palipo na udhaifu panajionyesha. Niko sawa au nakosea?

Fundi wa pili yuko Mombo, huyu alisema wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini. Na kweli ukiangalia chini ya pampu pale kwenye katundu kadogo kuna alama ya ukavu mwekundu mwekundu, kama kulanti ilichirizika ikakaukia kwenye chuma cha moto. Pampu elfu 85 na ufundi elfu 40. Huyu huyu aliniuliza kama nimebadilisha mfuniko wa rejeta, nikamwambia ndiyo. Mfuniko naujali sana kwa sababu huku tuko juu, kama mita 1,400, maji ya wazi yanachemka kabla ya 100, kwenye 95 hivi, yani bila mfuniko unaoshika presha hii gari mlimani lazima ichemshe. Wa zamani mpira wake ulikuwa umekatika, nikanunua mwingine wa presha ya bar 0.9 kama ulivyoandikwa ule wa kwanza.

Fundi wa tatu hakuchukua hata dakika 5. Akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imekwenda, hedi ishushwe ikaskimiwe (isawazishwe uso wake) Tanga, jumla laki 4 na nusu, au nitafute injini ya mtumba milioni 1 na laki 3. Nikamwuliza umejuaje, akasema Corolla ikishachemsha mara moja ni hedi tu. Inawezekana ni kweli. Ila laki 4 na nusu kwa mshahara wangu siwezi kuitoa kwa neno la "ni hedi tu".

Kwa hiyo nikaanza kuchunguza mwenyewe, na hapa ndo nimekwama kwa sababu dalili zinagongana. Oili ni safi, stiki haina maziwa, yani oili haijachanganyika na maji. Chini ya kifuniko cha oili kuna kautando ka rangi ya krimu, lakini kwa baridi ya huku na safari za kilomita 2 kwenda shule, hata gari nzima zinakuwa nako. Moshi mweupe asubuhi upo, ila asubuhi ya Lushoto kila sailensa inatoa moshi mweupe, na yangu inaisha baada ya dakika kama 7. Kapeti la upande wa abiria ni kavu, kwa hiyo rejeta ndogo ya hita naiondoa. Nilifungua plagi zote 4, tatu zina rangi ya kahawia ya kawaida, ya silinda namba 3 ni nyeupe safi kama imeoshwa, kama vile maji yanaingia mle, na hii ndo inanitisha kuliko zote. Halafu kidumu cha rizavu, kile kinachopokea maji yanayozidi kwenye rejeta, nikitoka safari kinakuwa kimejaa, asubuhi rejeta imepungua ila kidumu bado kimejaa, yani maji yanatoka kwenda rizavu na hayarudi. Nikabadilisha kale kapaipu ka kwenda rizavu nikidhani kanavuta hewa, bado.

Nikatengeneza kipimo cha presha. Nilichukua mfuniko wa zamani, nikautoboa nikaweka valvu ya tyubu ya baiskeli, nikaziba vizuri na mpira, nikapiga upepo kwa pampu ya mkono injini ikiwa ya baridi mpaka PSI 13 kwenye geji ya matairi, maana bar 0.9 ya mfuniko ni kama PSI 13 hiyo. Baada ya dakika 20 ikawa 8. Nikamulika tochi kila mahali, kwenye pampu nikakuta tone moja limening'inia, nikalifuta, baada ya kama dakika 10 likatokea lingine. Hosi zote kavu, rejeta kavu. Sasa tone moja kwa dakika 10 linaweza kushusha geji kutoka 13 mpaka 8? Au valvu yangu yenyewe inavuja hewa? Nilitaka niache presha usiku kucha, asubuhi nitoe plagi nipige stata nione kama namba 3 inarusha maji, fundi wa Mombo akanizuia, anasema rejeta ya zamani itapasuka kwenye ile plastiki ya juu.

Kuna kitu kingine, nikiwasha asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, siku nyingine hosi ya juu inakuwa ngumu ndani ya dakika 2 kabla hata maji hayajapata joto. Siku nyingine inabaki laini. Ingekuwa ngumu kila siku ningeamini ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji nikaacha kubishana. Mapovu kwenye rejeta nayaona, ila na mimi nafungua na kujaza kila siku, huenda ni upepo tu uliobaki ndani haujatoka vizuri.

Sasa maswali yangu. Je, kwa mtiririko huu nianze na pampu, ambayo nimeiona kwa macho inavuja, au plagi ya namba 3 inatosha kuniambia nishushe hedi moja kwa moja? Hilo jaribio la usiku kucha ni salama kama sizidishi ile 13? Na kama ni gasketi kweli, kuna fundi yeyote aliyeshusha hedi ya 5A akaikuta bado imenyooka baada ya kuchemsha hivi, au nijiandae kwa kuskimu tu?

Kuna wa nne mtaani ameniambia niweke dawa ya kuziba ya elfu 15, au manjano, af niuze. Na hapa ndo penye uzito, kwa sababu mdogo wangu naye anataka hivyohivyo. Huyo mnunuzi anatoa milioni 3 na laki 4, ni baba wa watoto watatu, anataka gari ya kwenda Bumbuli na kurudi, milima vilevile. Mdogo wangu ananiambia, "Kaka, na sisi tuliuziwa bila kuambiwa, hela yangu ya kikoba nani atanirudishia?" Simlaumu, hela ile aliihangaikia na ana haki nayo. Lakini nikimfikiria yule baba amepaki kwenye kona, watoto nyuma, giza linaingia, siwezi kumkabidhi funguo nikanyamaza. Nimeshamwambia mdogo wangu kwamba nitasema, hajaniongelesha tangu Jumapili.

Kwa hiyo naombeni na hilo mnisaidie, kwa mnaouza na kununua magari huku kwetu, nikimwambia mnunuzi ukweli wote na kumwonyesha daftari langu, ni haki nishushe kiasi gani kwenye hiyo milioni 3 na laki 4? Au nimwombe asubiri wiki 2 nibadilishe pampu kwanza tuone? Nikiweza kumpelekea mdogo wangu hesabu inayoeleweka kabla ya Jumamosi nadhani atanisikiliza.

Ni mimi mwalimu, Lushoto.