Barua ya wazi kwa Ba'mdogo anayetaka kupanda zabibu Kisesa

Shikamoo Ba'mdogo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu Jumamosi ulinitoa kwenye kundi la familia, na simu zangu hupokei. Wewe unataka kupanda zabibu za mvinyo pale Kisesa, huku kwetu Mwanza, kwa kuona mawe yake ni kama ya Lanzarote; mimi nilisema jambo moja tu, kwamba mawe ya Mwanza si ya volkano. Hukuningoja nimalize.

Ile video ya Lanzarote uliyoturushia nimeitazama mara tatu. Inavutia kweli. Volkano ya kisiwa kile cha Hispania ililipuka kuanzia 1730 hadi 1736, ikayafukia mashamba ya nafaka kwa majivu. Wenyeji wakachimba mashimo mpaka wakaufikia udongo wa zamani, wakapanda mzabibu mmoja mmoja humo shimoni, juu wakazungushia kiukuta cha mawe kuukinga na upepo. Mvua yao haifiki hata milimita 200 kwa mwaka. Yale majivu meusi hunasa umande usiku na kuufunika udongo usikaushwe na jua. Zabibu yao ni Malvasía volcánica, na wale wa mvinyo asilia wakishakamua hawatii hamira ya dukani. Wanaiachia ile iliyokuja na maganda. Salfaiti, ile kemikali ya kuhifadhi mvinyo, kidogo mno, au hamna kabisa.

Sasa njoo Kisesa. Majabali yale ni matale (graniti), ndugu zake lile jiwe la Bismarck pale ziwani, yaliyogandia chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Udongo wake Wasukuma wanauita luseni: mchanga, haukai na maji. Mzabibu ungeupenda, hapo sibishani nawe. Balaa liko juu. Mvua huku inapita milimita 1,000, inaanza Oktoba na kutuachia vizuri Juni, na ziwa halituachi na hewa kavu. Majani ya mzabibu yakishinda yamelowa, ukungu haubishi hodi. Dodoma, nyumbani kwa zabibu ya Makutupora, mvua ni kama nusu ya yetu na bado wakulima wanapiga dawa. Wewe utapiga kila wiki, halafu kwenye chupa uandike "asilia"?

Kinachonishangaza, mvinyo wa namna hiyo umekua ukiuona. Bibi kule Muleba alikuwa anaivisha ndizi, zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi, maji yake yanachujwa na kutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yanafunikwa majani ya mgomba mpaka kesho yake. Nani alikwenda dukani kununua hamira? Mtama ulikuja na ya kwake. (Wewe ndiye uliyekuwa ukikanyaga, Baba ameshaniambia.) Shida ya rubisi, hiyo pombe ya ndizi, ni moja: siku ya tatu, ya nne, limeshakuwa chachu la kukunja uso. Hapo ndipo ningetaka kiinua mgongo chako kiende, kwenye mapipa yanayofungika vizuri na mtu anayejua kuyasafisha.

Lakini nakujua. Basi nitakununulia miche 20 ya zabibu, uipande nyuma ya nyumba. Masika mawili yakipita majani hayana ukungu, nitakuja kukuomba radhi mbele ya Ma'mdogo. Kiwanja cha Igoma usikiuze mpaka hapo.

Na tafadhali nirudishe kwenye kundi. Michango ya harusi naikusanya mimi, na wewe bado hujatoa.