Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maharage Yetu na Safari ya Palmira

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na ghala atayasoma mhazini. Mimi niseme tu kwamba wenye madeni mnajijua. Nataka kuzungumzia lile lililozua maneno mengi mwaka huu, yaani safari ya Palmira.

Palmira ni mji wa Kolombia, kwenye bonde la mto Cauca, na wenyewe wanauita mji mkuu wa kilimo wa nchi yao. Hata uwanja wa ndege unaoitwa wa Cali uko Palmira, kwa hiyo ukishuka umefika (begi la katibu lilifika siku ya tatu, yameisha). Ukitoka hapo ni miwa kulia, miwa kushoto, na malori yanayokokota matela manne kwa mkupuo. Bonde lile halina msimu wa miwa, wanakata mwaka mzima. Kiwanda cha sukari cha Manuelita kipo tangu 1864. Kusema kweli sikupapenda: zao moja limemeza bonde, mkulima wa maharage kabaki milimani.

Lakini katikati ya miwa hiyo ndiko kilipo kituo cha CIAT, cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto, kilichoanzishwa 1967. Mwaka 2022 walifungua benki mpya ya mbegu, na humo mna sampuli zaidi ya 37,000 za maharage. Walitumwagia kwenye trei: meusi, ya njano, yenye madoa kama yai la kware, ya mwituni madogo kama choroko. Mjumbe wetu wa Rungwe akaokota punje nyekundu yenye mabaka, akaigeuzageuza. "Hii si Calima yetu?"

Ndiyo yenyewe. Calima ni mto na ziwa katika jimbo hilohilo la Valle del Cauca. Calima Uyole, aina ya maharage tunayopanda Mbeya, imebeba jina la kule, na mimi miaka yote nilidhani ni jina la mtaalamu fulani!

Mmeuliza kwa nini hatukurudi hata na kilo moja. Mbegu haivushwi mpaka mfukoni. Magonjwa ya maharage husafiri ndani ya punje, ndiyo maana kuna kibali, cheti cha afya ya mimea na mkataba wa kupokea mbegu. Njia yetu ni watafiti wa kituo cha kilimo cha Uyole, hapa Mbeya, na barua ya kuomba majaribio tumeshaiandika.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe robo ekari ya shamba la chama, ile ya chini karibu na kisima, isipandwe mahindi msimu huu, ibaki kwa majaribio hayo ya maharage.

Mwenyekiti