Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: viuno vya watu wako ninavyo kwenye daftari

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam kutoka Mwanjelwa. Mimi ni fundi cherehani, udaktari sijasomea. Haya ninayokuandikia nimeyaona kwenye madaftari yangu ya vipimo, na sasa niko kwenye la saba.

Fundi hatupi daftari. Mteja akirudi unatafuta jina lake, unatazama kifua, kiuno na nyonga, unakata kitambaa. Siku hizi nikikata kwa vipimo vya miaka mitatu nyuma, gauni halipandi. Nina mteja mmoja, mwalimu. Mwaka 2009 nilimshonea nguo ya harusi ya dada yake, kiuno inchi 29. Desemba iliyopita nilipima 38. Akacheka, akasema ni mwili wa ukoo wao. Huenda kweli ukoo una sehemu yake, lakini mama yake namfahamu, bado analima Rungwe na bado ni mwembamba.

Tulipokaa tukaongea, nikagundua sahani yake haijabadilika tangu alivyokuwa kwao. Ule mlima wa ugali, zile ndizi, vilikuwa chakula cha mtu atakayepanda kilima na jembe na kurudi na kuni kichwani. Kilima kimeondoka, sahani imebaki. Juu yake ameongeza maandazi ya saa nne, soda ya mchana, na chipsi mayai siku ambazo amechoka kupika. Asubuhi bajaji inamchukua mlangoni na kumshusha getini shuleni.

Sitaki aonekane yeye peke yake. Mimi mwenyewe cherehani yangu ilikuwa ya miguu, nikikanyaga kutwa nzima. Mwaka 2016 nikafunga mota, na nilishukuru sana, kazi ikawa nyepesi. Tangu hapo nakaa toka saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, miguu imetulia kama ya mgeni. Nikifunga duka napitia kwa kijana wa chipsi, nakula saa tatu usiku, nalala. Nguo zangu nimeziachia mshono mara mbili. Na viazi vyenyewe havina kosa, maana viazi vya Uporoto vikichemshwa ni chakula safi kabisa. Tatizo ni mafuta: kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na kijana yule hapimi kwa kijiko.

Halafu kuna baridi yetu. Juni na Julai, nani asiyekunywa chai? Nilikuwa naweka vijiko vitatu vya sukari, vikombe vinne kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri zaidi mtu mzima asizidishe vijiko kama sita vya chai kwa siku, pamoja na sukari iliyomo kwenye soda. Mimi sita nilikuwa navimaliza kabla ya saa sita mchana.

Mwaka juzi niliugua magoti, nikaenda kituo kimoja cha afya. Nilisubiri asubuhi nzima, nikaambiwa, "Mama, punguza mwili." Basi. Nipunguze kwa kuacha nini, kwa kutembea kiasi gani? Sikuambiwa, na nje wenzangu walikuwa wananisifu kwamba nimenawiri.

Ndiyo maana naandika. Mtoto wetu ana kadi ya kliniki, anapimwa uzito mpaka afike miaka mitano. Akishavuka hapo, anayempima tena ni fundi nguo. Naomba kila zahanati ya mkoa impime mtu mzima kiuno na uzito hata kama amekwenda kwa mafua, iandikwe, na akirudi ilinganishwe. Kiuno kinachozidi inchi 35 kwa mwanamke na 40 kwa mwanaume, wataalamu wenzako wanasema hatari ya kisukari na moyo imepanda sana. Hizo namba mafundi tungeweza kuzibandika ukutani kesho, kama ofisi yako itatuelekeza namna ya kumwambia mteja bila kumfedhehesha. Hilo ni kubwa, maana mteja akiaibika atahamia kwa fundi mwingine.

Pia watu waambiwe kwa lugha ya hapa. Dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinatisha zikisemwa hivyo. Semeni: nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano. Kuna watu wanapanda bajaji kutoka Kabwe, hapo jirani tu, kuja Mwanjelwa!

Siku ya Kisukari Duniani ni Novemba 14. Mwaka huu njooni sokoni badala ya kutuita ukumbini, kwa kuwa tukifunga vibanda hatuli. Leteni mizani na mashine ya presha. Futi kamba nitaleta mimi, ninazo nne. Moja imefutika inchi tano za mwanzo, hiyo nitaiacha dukani.

Wako,
Fundi wa Mwanjelwa