Kibatamzinga

Tanga, 9 Machi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na mama anakusalimu.

Lile neno la kwenye ripoti unayoitafsiri, "gobbledygook", unasema umeliandika "porojo" na bado moyo haujatulia. Usitulie! Porojo ni ya barazani: kahawa, kashata, kila mtu anaelewa japo hakuna la maana. Hili jingine limevaa suti. Ni maneno mazito ya ofisini ambayo ukimaliza kuyasoma hujui umekubaliwa au umekataliwa.

Mwenye neno anajulikana. Ni Maury Maverick wa Texas, aliyewahi kuwa mbunge huko Marekani na meya wa San Antonio. Mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, aliongoza shirika la serikali lililoshughulikia viwanda vidogo vya kuhudumia vita, na nyaraka za wenzake zikamchosha. Machi mwaka huo akawaandikia wafanyakazi wake: andikeni kwa kifupi, semeni mnachotaka kusema, na atakayetumia neno "utekelezaji" atapigwa risasi. Mzaha, ndiyo, lakini waraka huo ungetua kwenye ofisi zetu angebaki nani?

Alipoulizwa neno kalitoa wapi, alisema labda alimkumbuka bata mzinga dume wa kwao Texas, anayetembea kwa maringo huku akilia "gobble-gobble" mfululizo, na mwisho wa kelele zake husikika kitu kama "guk". Basi. (Ukoo huo una bahati ya maneno. Babu yake, Samuel Maverick, hakuwapiga chapa ng'ombe wake, hivyo ng'ombe asiye na chapa akaitwa "maverick", baadaye na mtu asiyefuata kundi.)

Mwezi jana nilifuatilia ombi langu la maji kwenye ofisi moja. Nikajibiwa kuwa suala langu "lipo katika mchakato wa uwezeshaji wa utekelezaji". Nilirudi nyumbani na ndoo yangu. Hiyo si porojo, Zuhura, hiyo ni lugha kamili yenye wasemaji wake, nami naona tuipe jina kama lugha nyingine: Kibatamzinga. "Mkurugenzi alijibu kwa Kibatamzinga." Wewe unaionaje?

Mhariri wako akigoma, andika "lugha ya bata mzinga" na umweleze kisa. Ila porojo iache barazani ilipo.

Nijibu upesi, na ule ukili nilioagiza usiusahau.

Wako,
Mwanaidi