Tarehe isiyojulikana isijazwe na kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kosa la kitaalamu ambalo hufanywa na sisi waandishi wa programu, lakini mzigo wake huishia kubebwa na mwananchi aliyeko dirishani, nalo ni namna mifumo yetu inavyoishughulikia tarehe ambayo haipo.

Mwaka jana mjomba wangu, ambaye ni mstaafu, alinionyesha barua tatu za uthibitisho wa ajira alizopewa na ofisi moja kwa nyakati tofauti. Kila barua ilikuwa na mhuri na sahihi, na kila moja ilisema kwamba aliajiriwa siku ileile ilipochapwa. Alipouliza, alijibiwa kwamba ndivyo kompyuta inavyosema, akatakiwa yeye alete ushahidi. Kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, sikuhitaji kufikiri sana: tarehe yake haikuwamo kwenye kumbukumbu, na programu ilikuwa imeelekezwa kuweka tarehe ya leo kila inapokosa nyingine.

Nyaraka za aina hii mara nyingi hutunzwa katika faili za XML, yaani maandishi ambayo kila sehemu yake imewekewa jina, kisha hugeuzwa kuwa barua kwa XSLT, lugha ya programu ya kuzigeuza faili hizo. Tangu toleo la 2.0, lililoidhinishwa mwaka 2007, lugha hiyo inaitambua tarehe kama aina ya data inayojitegemea, na mwandishi wa kitendakazi (kipande cha programu kinachofanya kazi moja maalumu) anaweza kutamka, kwa kuongeza alama moja tu ya kuuliza baada ya jina la aina hiyo, kwamba tarehe inaweza kuwepo au isiwepo. Kitendakazi cha kupangilia tarehe kikipewa thamani isiyokuwepo hakigomi wala hakibuni, bali hurudisha utupu uleule.

Tatizo huanza pale ambapo sehemu ya tarehe imo kwenye faili lakini ndani yake hamna kitu. Hapo kompyuta hukutana na maandishi matupu, na ikiamriwa kuyageuza kuwa tarehe hukataa na kusimamisha kazi yote. Barua za watu wote zimekwama kwa ajili ya mtu mmoja, saa za kazi zinakwisha, msimamizi anapiga simu. Kijana anayeandika programu anaongeza mstari mmoja wa kuweka tarehe ya leo, na barua zinatoka. Simlaumu kwa dharau, maana nami nimewahi kuuandika mstari huo. Dawa yake si ndefu kuliko hapo: XSLT inaruhusu kuuliza kwanza kama maandishi yale yanaweza kuwa tarehe, na yasipoweza, barua iseme waziwazi kwamba tarehe haijarekodiwa.

Lipo kosa la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Tarehe isiyokuwepo ikilinganishwa na nyingine, jibu huwa tupu au si kweli, na utupu nao ndani ya sharti huhesabiwa kuwa si kweli. Programu ikiuliza ni nani ametimiza miaka 60, bibi asiye na tarehe ya kuzaliwa atawekwa kundi moja na vijana, bila onyo lolote na bila mtu kujua.

Tena wako wazee wengi wanaojua mwaka wao wa kuzaliwa tu. Fomu inadai siku na mwezi, karani anajaza Januari 1, na baada ya hapo hakuna awezaye kumtenganisha aliyezaliwa kweli siku hiyo na aliyebandikwa. XML Schema, yaani kanuni za aina za data za XML, inayo aina ya mwaka peke yake, hivyo 1948 ingeweza kubaki 1948.

Naziomba ofisi zinazoagiza mifumo zisikubali kuipokea kabla ya kuijaribu kwa kumbukumbu isiyo na tarehe, nyingine yenye tarehe tupu na nyingine yenye mwaka pekee, kisha zizisome barua zitakazotoka. Mjomba wangu hadi leo anapekua masanduku akitafuta barua yake ya kwanza ya ajira, iliyopigwa kwa taipureta, ilhali ofisi ingeweza kumwambia tangu siku ya kwanza kwamba ni yenyewe ndiyo isiyokuwa na tarehe hiyo.

Mwandishi wa programu,
Morogoro