Usilipe arubuni kabla gari halijalala

Ndugu yangu Mbaraka,

Salaam nyingi, na baada ya salaam, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako. Maneno haya tuliyaandika kwa mazoea tangu shuleni, lakini leo hofu ninayo kweli. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu nikitafuta mahali uliposema gari limepimwa. Sikupaona. Umesifu ngozi ya viti, umesifu skrini, umemsifu muuzaji kwa uungwana wake, ukasema Ijumaa unapeleka arubuni. Halafu katikati ya sifa hizo ukapitisha neno hili: asubuhi linakuwa limeinama kidogo nyuma kushoto, ila likiwashwa linanyanyuka lenyewe.

Mbaraka, hilo neno la kupitia ndilo lililonikalisha kuandika. Kunyanyuka kwake si dawa. Ndiko kunakoliua.

Audi Q7 hiyo ya 2017 imebebwa na mipira minne ya hewa badala ya springi za chuma. Kila tairi likiingia shimoni mpira hujikunja na kujikunjua, na baada ya miaka minane au kumi mikunjo huanza kufanya nyufa. Ni nyufa ndogo mno, huzioni wala husikii kitu. Hewa huvuja usiku kucha, pembe moja inashuka, na asubuhi kompresa inaijaza tena. Mnunuzi anaona gari limesimama sawa, anaridhika. Lakini kompresa ile iliundwa kufanya kazi kwa muda mfupi mfupi, kusahihisha kimo pale abiria wanapopanda au kushuka. Ikifanyishwa kazi ya kujaza upya kila asubuhi, na tena njiani, inachemka. Ringi ya pistoni yake inalika, kikaushio cha hewa kinalowa, unyevu unapita hadi kwenye valvu na kuzishika kutu. Mara nyingine relei, ile swichi ya umeme inayoiwasha kompresa, inaganda ikiwa imewaka, kompresa haizimi, inaungua. Kwa hiyo ukisikia "ni mpira mmoja tu", jua kwamba huenda bili ni ya mpira, kompresa, relei na bloku ya valvu kwa pamoja. Na fundi akikubadilishia kompresa peke yake akauacha mpira unaovuja, hiyo mpya nayo itakufa kifo kile kile, halafu lawama zote ziende kwa muuza spea.

Ndiyo maana nakuomba: gari lilale, na wewe uwepo linapolazwa na linapoamshwa. Jioni liegeshwe mahali tambarare. Chukua tepu ya kupimia, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi juu yake, pembe zote nne, uandike. Asubuhi pima tena kabla hujagusa mlango wowote. Hapo kwenye mlango wengi hukosea: kwenye magari mengi ya hewa, kufungua mlango tu, au hata kubonyeza rimoti, huiamsha kompyuta na kompresa ikaanza kujaza kabla hujainama kupima. Usitegemee macho pia, kwa sababu baadhi ya magari hujisawazisha yenyewe yakiwa yameegeshwa: pembe moja ikishuka, nyingine hushushwa zifanane nayo, nawe unaona gari limekaa vizuri kumbe lote limezama. Vipimo vya jioni na vya asubuhi ndivyo vitakavyosema. Tofauti ya milimita mbili tatu isikusumbue, baridi ya usiku peke yake yaweza kuileta. Ikizidi sentimita moja, kuna mahali panavuja.

Ukishapima, washa, uhesabu muda ambao kompresa inanguruma. Kisha fundi apulize maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mpira na kwenye viungo vya mabomba, mapovu yatamwonyesha. Mkumbushe kuweka mfumo wa hewa kwenye hali ya jeki, iko ndani ya menyu ya gari, kabla hajalinyanyua. Asipofanya hivyo kompyuta itaendelea kusahihisha kimo magurudumu yakiwa yananing'inia. Na utazame dashibodi unapofungua swichi: taa za onyo lazima ziwake kwanza, kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa mwanzoni inatia shaka zaidi ya inayowaka.

Najua utaniambia bei ni nzuri. Bei ya gari imeshuka, lakini bei ya spea zake haikushuka nayo. Mpira wa hewa wa gari lenye miaka minane unauzwa kwa bei ile ile atakayolipa mwenye gari jipya la aina hiyo, na saa za fundi ni zile zile. Kwa gari la daraja hili likiwa limetumika, weka kando angalau moja ya tano ya bei ya kununulia, kwa ajili ya mwaka wa kwanza tu. Kama ukiitoa hiyo hela hubakiwi na ya kulinunua, basi gari hilo bado si lako, hata ukipewa ufunguo.

Sasa Idi. Umesema anakushawishi uache Q7 uchukue BMW X5 ya 2014 yenye V8, ile 50i. Naomba kwa heshima zote usimsikilize. Injini ile, N63, turbo zake mbili zimewekwa ndani ya bonde la V, katikati kabisa ya vichwa vya silinda, na joto lake halina pa kwenda. Linakausha sili za valvu, oili inaanza kuliwa. Ukitaka kumwonyesha, iache injini iungurume bila kukanyagwa dakika kumi na tano, kisha akanyage mafuta ghafla wewe ukiwa nyuma ya egzosi: moshi wa bluu unatoka. Kufikia sili hizo ni kazi ya siku nyingi. Kama ni lazima iwe X5, utafute yenye silinda sita za mstari. Za petroli zilizotoka baada ya umbo jipya la 2018 zina injini ya B58, ambayo ndiyo ningeipendekeza bila kusita.

Na X5 ya aina yoyote, uangalie matairi kwanza. Mgawanyo wa nguvu mbele na nyuma unafanywa na transifa yenye klachi ndani yake. Tairi za mbele zikiwa mpya na za nyuma zimekwisha, mizunguko haifanani, na klachi inasugua safari nzima. Unene wa meno ya tairi usipishane sana. Kuna X5 zilizotoka kiwandani na tairi pana zaidi nyuma, 275/40 R20 mbele na 315/35 R20 nyuma, hizo si kosa kwa sababu mzingo wake unakaribiana. Kosa ni kuchanganya chapa na umri. Dalili ya transifa iliyochoka ni mtetemo kama wa kupita juu ya matuta madogo madogo, unapokanyaga kwa upole mwendo ukiwa mdogo. Hata kwa Q7 yako, yenye difu ya katikati, nataka tairi nne zinazofanana. Soma ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, yaani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Giaboksi nayo isipite hivi hivi. Q7 na X5 hizo zote zinatumia ya ZF yenye gia nane, na ni giaboksi nzuri kweli. Lakini muuzaji atakwambia oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane. Sampo yake, yaani bakuli la oili la chini, ni ya plastiki na chujio limo ndani yake, vinabadilishwa kwa pamoja. Usawa wa oili hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Fundi anayejaza kwa kukisia atakuletea gia zinazogonga. Uliza risiti ya kazi hiyo. Kama haipo, hesabu kuwa haijafanyika.

Injini ya Q7 hiyo, kama ni V6 ya petroli ya 3.0 yenye supachaja, ina moyo mgumu, ila themostati na pampu ya maji huvuja, na themostati imejificha bondeni chini ya supachaja. Nenda na tochi, tafuta ukoko wa maji ya rejeta yaliyokauka, mweupe au wa waridi. Mwambie muuzaji mapema kuwa unataka kuiwasha mwenyewe ikiwa baridi. Ukifika ukaweka kiganja juu ya boneti ukakuta joto, rudi nyumbani uje kesho yake. Mlio wa cheni kwa sekunde za kwanza, moshi, mngurumo usiotulia, vyote vinapotea injini ikishapata moto, na wauzaji wanalijua hilo.

Mashine ya kusoma makosa iunganishwe, lakini kutokuta kosa kusikupe usingizi. Mtu akifuta makosa asubuhi, vile vipimo vya utayari, ambavyo kompyuta hukagulia mifumo ya gari, vinarudi sifuri, na mashine itaonyesha havijakamilika. Hapo unajua kuna kilichofutwa. Inua mazulia pia, mbele na kwenye buti. Hayo mapaa ya kioo yana mirija ya kutoa maji pembeni; ikiziba majani na vumbi, maji yanashuka ndani na kulala chini ya zulia, kwenye nyaya na moduli za umeme. Harufu ya uvundo ndani ya gari la kifahari haitokani na kutooshwa.

Wazo la Bi Mwajuma la Lexus RX 450h, ile ya haibridi, nimelipenda kuliko unavyodhani. Springi za chuma, V6 ya 3.5 isiyo na turbo, na zile za kuendesha magurudumu manne hazina hata propela shafti, nyuma kuna mota yake ya umeme. Vitu vya kuharibika ni vichache. Cha kutazama ni betri kubwa: ina matundu ya kuvutia hewa eneo la kiti cha nyuma, na yakizibwa na vumbi, nywele za mbwa au mizigo, betri inapikika. Fundi asome volti za kila kundi la seli gari likipanda mlima na likishuka. Kundi moja likianguka mbali na wenzake, hilo ndilo la kujadili bei. Kasoro yake kwako ni viti vitano. Hapo sina la kusema, watoto unawahesabu wewe.

Jipya je? Ukiona unaweza, chukua lenye springi za kawaida na rimu za inchi 19, uziache za 21 na 22 zibaki kwenye picha. Tairi jembamba la rimu kubwa halina nyama ya kumeza shimo. Rimu inapinda na mpira unapasuka. Kama ni gari lililokuwa la maonyesho au la kujaribia, uliza waranti ilianza kuhesabiwa lini, kwa sababu huanza siku lilipoandikishwa mara ya kwanza, si siku unayolipa wewe. Na lililotumika, hakikisha mwenye zamani ameliondoa kwenye programu ya simu yake mbele yako. Asipoliondoa, anaweza kuendelea kuona lilipo.

Narudi kwenye hewa, maana naona sijaridhika. Muuzaji akikubali gari lilale na likashuka, bado waweza kulinunua, lakini kwa hesabu kamili: mipira ya nyuma yote miwili, kwa sababu wa kulia una umri ule ule na wa kushoto, relei mpya, na kompresa. Zote zitoke kwenye bei kabla ya kusaini, kwa maandishi. Asikudanganye na wazo la kung'oa hewa na kuweka springi za chuma. Kompyuta itabaki inalalamika, na vitu vinavyotegemea kimo cha gari, kama mwelekeo wa taa za mbele, vinapotea njia. Akikataa lisilale kabisa, basi jibu umeshalipata bila kulipa kitu.

Sasa niambie. Limetembea kilomita ngapi, na namba hiyo inalingana na kitabu cha sevisi au umeiona kwenye dashibodi tu? Funguo ni mbili? Tairi ni za chapa moja? Umeilinganisha namba ya chasisi ya chini ya kioo cha mbele na ya kwenye hati? Hati iko kwa jina la muuzaji, au kuna benki inalidai gari? Ni nani atakayelipima, yule kijana wa Sefu bado anafanya kazi ya magari ya Kijerumani? Na arubuni hiyo, umeandikiwa popote kuwa itarudi gari likifeli?

Nisalimie Bi Mwajuma, umwambie RX yake sijaitupa. Nijibu kabla ya Ijumaa. Kama hukupata nafasi ya kuandika, nitumie tu namba nane, nne za jioni na nne za asubuhi.

Wako,
Athumani